Unga wa Boriti

Hind binti Yeslam alipewa talaka tatu kwa ajili ya unga uliotoka ndani ya mti. Waliomfanyia hayo ni wawili: mumewe, Abdulkadir bin Salim, mwenye duka la nguo Ndia Kuu, na mavyaa wake, Bi. Thureya. Walimwita mchawi, wakamtoa nyumbani, wakamnyang'anya mtoto wake wa kike aliyekuwa hajaacha ziwa. Hayo ndiyo yaliyotendeka. Anayetaka kuyapamba na ayapambe, hayatageuka kuwa mengine.

Ilikuwa mwaka ule Wazungu walipoanza kutandika reli kutoka Kilindini. Abdulkadir alikuwa ameposa mke wa pili, Zubeida, naye akataka kumjengea chumba kipya ghorofani, juu ya nyumba yao ya mawe pale Kibokoni. Haraka yake ilikuwa haraka ya bwana harusi. Boriti alizinunua kwa mtu aliyezileta mjini zingali na maji ya mti ndani yake, zimekatwa mwezi ukikua, wala hazikulazwa baharini.

Sasa, Hind alikuwa binti wa mwuza boriti. Marehemu Yeslam, babake, alikuwa na kiwanja cha kuuzia miti karibu na bandari, na Hind alikulia humo, akitambaa baina ya marundo ya mikoko na mikandaa. Alijua tangu utotoni kwamba boriti hukatwa kwenye giza la mwezi, utomvu ukiwa umeshuka mizizini, kisha mti hulazwa katika maji ya chumvi mpaka uutoke utamu wake. Mti wenye utamu huwaita dumuzi, wadudu watoboao mti, kama tende inavyowaita sisimizi.

"Abdulkadir," alimwambia mumewe, "hizi zirudishe. Zitaliwa."

Abdulkadir akacheka hata akashika mbavu. "Lo, Hind! Wivu umekufika hapo? Mke mwenzio hajaingia nyumbani, hata boriti zake zishakuwa hazifai?"

Watu waliokuwapo wakacheka naye. Chumba kikajengwa, kikapakwa chokaa, na juu yake pakapigwa sakafu pana ya kuanikia, yenye mlizamu wa kutolea maji ya mvua. Zubeida akaingia na udi wake na marashi yake. Msichana mdogo, mwoga, macho makubwa. Hind hakumchukia. Alimfundisha namna ya kupika wali wa nazi unaompendeza Bi. Thureya, asije akatukanwa.

Zubeida akashika mimba, na mimba ikaharibika. Bi. Thureya akaingia mwenyewe kufagia chumba cha mgonjwa. Nyuma ya kichwa cha kitanda, pembeni mwa ukuta, akakuta kirundo cha unga mweupe, laini kuliko unga wa mchele uliochekechwa. Akapiga ukelele. Majirani wakajaa ngazini.

"Nani huyu atiaye unga chumbani mwa mwanamke mja mzito?" akauliza, na macho yake yalikuwa yameshamfika Hind kabla swali halijaisha.

"Mama," akasema Hind, na bintiye Mona yuko mgongoni mwake, "hiyo si dawa. Ni unga wa dumuzi. Umetoka kwenye boriti. Tazameni juu."

"Juu kuna Mungu tu," akajibu Bi. Thureya, "naye amekuona."

Hakuna aliyetazama juu. Lau mmoja wao angaliinua kidevu, angaliona matundu yameijaa boriti kana kwamba mtu ameichomachoma kwa sindano. Wote walitazama sakafuni, na kutoka sakafuni wakamtazama Hind. Abdulkadir akaja akasimama mlangoni. Pale pale, mbele ya wanawake wote, akasema neno la talaka, akalisema tena, akalisema tena. Bi. Thureya akamfungua mtoto mgongoni. Mona alilia akinyoosha mikono, na kilio kile Hind alishuka nacho ngazi, akatoka nacho barabarani, akakaa nacho miaka yote.

Mjini neno la uchawi halihitaji shahidi. Hakuna mwanamume aliyemposa tena. Shangazi yake alimpa hifadhi Kuze, na shangazi alipofariki Hind akahamia nje ya mji, Majengo, katika nyumba ya udongo na makuti. Alishona kofia na kukaanga vitumbua.

Kazi iliyompa jina ilimjia bila kuitafuta. Jirani mmoja wa Kuze alikuwa akisikia sauti darini, kama mtu atafunaye bisi. Mumewe alikuwa safarini, na fundi mwanamume hawezi kuingia vyumba vya ndani wanawake wamo. Wangetoka waende wapi, na mmoja wao yuko eda? Basi yule jirani akasema, "Si yuko binti wa Yeslam? Mwiteni. Akiwa mchawi, na aloge hao wadudu."

Hind akaenda. Akainua kichwa, akanusa, akagonga, akawaonyesha boriti moja tu ya kubadilishwa, nyingine zote akaziambia "kaeni salama." Tangu siku hiyo wanawake wa Mji wa Kale walimwita kwa siri, kisha kwa nusu siri, kisha waziwazi. Wale wale waliovuka barabara wasikutane naye walimfungulia mlango dari zao zilipoanza kupukutika.

Aliishika nyumba kama mkunga amshikavyo mzazi. Hakuwa na haraka. Alikuwa na kijiti cha mpingo cha kugongea, shazia ya kushonea magunia, na kaniki moja nyeusi. Aligonga boriti taratibu, akianzia ukutani kwenda katikati, kwa kuwa mti huugua kwanza pale unapoingia ukutani. Mti mzima huitika kwa sauti kali na kavu, kama mtu aliyeamkiwa akajibu. Uliobunguliwa na dumuzi huitika kwa sauti ya ngoma iliyolegea. Uliooza hauitiki kabisa. Sauti hufa papo hapo, na kijiti hudidimia. Hapo ndipo shazia ilipofanya kazi. Kwenye mti mzima hugota. Kwenye mti ulioliwa na kuvu hupita kama kwenye muhogo uliochemka, na ikitoka huwa na harufu ya uyoga na unyevu.

Kaniki aliitandika sakafuni asubuhi, akakataza watu kupita mpaka adhuhuri. Akirudi huusugua unga baina ya vidole. Ukiwa laini kama poda, ni dumuzi. Ukiwa na vichembe kama mbegu za mchicha, ni mchwa wa mti mkavu. Mchwa wa ardhini hawaangushi kitu. Hao hupanda na njia yao ya udongo, na huula mti ndani wakaacha ngozi yake. Na kaniki ikibaki nyeusi tupu, husema, "Matundu haya ni ya zamani, mwenyewe kashahama. Msivunje nyumba kwa ajili ya mpangaji aliyeondoka."

Wanawake walipenda ziara zake, kwa maana siku hiyo mtu hucheka.

"Bi. Hind, ukimaliza boriti mgonge na mume wangu, nijue kama ndani mna kitu."

"Huyo hana haja ya kugongwa," Hind hujibu akiwa amebandika sikio ukutani. "Akikohoa tu nasikia mwangwi."

Lakini wakimaliza kucheka, wakimpa kahawa, hakuna aliyemwambia, "Hind, unga ule wa Kibokoni ulikuwa huu huu." Walikuwa wakiutazama juu ya kaniki yake, na baadhi yao walikuwako siku ile. Walikunywa kahawa, wakapangusa midomo.

Mona alikua. Hind alimwona kwa mbali: akienda chuoni ameshika juzuu kifuani, baadaye akipita ndani ya buibui nyuma ya Bi. Thureya. Aliujua mwendo wake. Mguu wa kushoto aliukanyaga kwa nje kidogo, kama Yeslam. Siku moja walipishana kwenye kichochoro chembamba kiasi cha nguo kugusana, na Bi. Thureya akamvutia mjukuu wake ukutani kama mtu amwepushaye na punda.

Reli ilikuwa imekwisha fika ziwani zamani, na mjini watu wakubwa walizoea kusukumwa katika vigari juu ya vyuma, siku ambayo mwanamke wa buibui alipiga hodi Majengo. Alipofunua uso, Hind alimtambua kwa macho yale makubwa.

"Zubeida."

"Ni mimi, dada. Nipe maji."

Akapewa. Akanywa akiwa wima. Kisha akasema upesi, kama mtu atemaye kitu kichungu: "Mona anaolewa mwezi huu. Chumba atakachokaa ndani ni kile changu. Na unga unaanguka."

"Tangu lini?"

Zubeida akageuza kikombe mkononi. "Tangu wakati ule. Haukuacha. Ulipoondoka wewe nilidhani utakoma. Kulipokucha nikaukuta mahali pale pale. Nikaufagia kabla mama hajapanda. Na kesho yake. Nimekuwa nikiufagia mpaka leo."

Vitumbua vilikuwa vinaungua. Hind hakuvigeuza.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Wakanipokonya mwanangu mgongoni, nawe ulijua."

"Siku ile sikujua. Nilijua baadaye. Nalikuwa mtoto, dada, naogopa. Ningesema unga bado waanguka, na wewe hupo, wangesema wa nani? Si wangu?" Machozi yalimtoka, asiyapanguse. "Sikuzaa kamwe. Mona nimemlea kwa mikono hii. Kila nilipomwosha nilijua namwosha wa mtu."

Hind alitaka kumfukuza. Mkono wake ulikuwa umeshaushika mlango. Lakini Zubeida alikuwa hajamaliza.

"Mama amepaka chumba chokaa upya, matundu yote yamezibwa, mtu haoni kitu. Na mlizamu wa juu umeziba tangu masika, maji yanasimama. Nimemwambia. Anasema nyumba imesimama miaka yote hii, itaanguka leo kwa kuwa mimi nimeota? Usiku wa harusi ameita vugo, ngoma ya pembe. Wanawake wote wa Kibokoni watacheza kwenye ile sakafu, dada, juu kabisa. Na Mona atakuwa amekaa chini yake."

Hind akauachia mlango. Akaondoa chungu motoni.

"Lini mnachagua mchele?" akauliza.

Ni desturi ya mji kwamba mchele wa harusi huchaguliwa na wanawake wa mitaa yote, na siku hiyo mlango wa mwenye harusi haumzuii mtu mwenye ungo. Hind akaingia nyumba ile na ungo kichwani, buibui limeshuka mpaka machoni, kaniki na shazia zimefungwa kiunoni. Akakaa ukumbini baina ya wanawake, akachagua mchele. Vidole vyake vilitoa mawe, masikio yake yalikuwa juu.

"Mchele huu wa Rangooni una mawe kuliko mchele."

"Usilalamike, shoga. Bwana harusi akivunjika jino tutajua nani hakuchagua."

"Jino? Mwenye kuogopa kuvunjika ni bibi harusi."

Wakaangua kicheko, na katika kicheko kile Zubeida akatokea ngazini akasema kwa sauti, "Nani atanisaidia kusaga liwa ya kumpaka bibi harusi?" Hind akainuka kabla mwingine hajainuka.

Chumba kilikuwa cheupe hata macho yaliuma. Mona alikaa juu ya mkeka katikati, amepakwa liwa uso na mikono, rangi yake kama ndizi iliyoiva. Hind alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa boriti tu. Kwa huyu hakujiandaa.

"Nani huyu, mama Zubeida?"

"Amekuja kuangalia boriti."

Mona akatazama miguu ya mgeni, akapanda na macho mpaka usoni. Mji ni mdogo. "Wewe ni Hind," akasema.

"Ni mimi."

"Bibi alinambia..."

"Najua alilokwambia. Nisikilize, mwanangu. Ondoka hapo, usogee ukae hapa kizingitini. Mengine utanambia ukishatoka chini ya hiyo dari."

Labda ni kwa jinsi alivyolitamka, bila kuomba wala kuamuru. Mona akainuka, akaja, akakaa kizingitini. Hind akakung'uta kaniki mlangoni mbele yake, akaigeuza pande zote mbili ili ionekane ni nyeusi tupu, akaitandika mahali mkeka ulipokuwa. Akakunja mikono ya nguo mpaka kwenye viwiko. Akapanda juu ya sanduku, akagonga.

Ngoma iliyolegea. Akasogea, akagonga tena, kama alivyokuwa akigonga nyumba zote za mji, na chokaa mpya ikakatika vipande vidogo vidogo. Nyuma ya chokaa, kutoka katika kila tundu, unga ukamwagika. Ulishuka taratibu katika mwanga wa dirisha, laini, mweupe, kama mtu ananyunyiza poda, ukatua juu ya kaniki. Mikono ya Hind ilikuwa juu, mitupu.

Mona akatazama unga. Akatazama mikono. Kisha akainua kidevu, akatazama juu.

Liwa ikapasuka shingoni mwake.

"Ni huu?" akauliza.

"Ni huu."

"Huu tu?"

"Huu tu, mwanangu."

Mona akatia kidole kwenye unga, akausugua baina ya vidole viwili, kama Hind alivyozoea kufanya, na hakuna aliyemfundisha. Zubeida alikuwa ameugeukia ukuta.

Hind hakushuka. Angaliweza kushuka, akamkumbatia, nao wangelia wote watatu, na sakafu ingebaki vile vile. Akasukuma sanduku mpaka upande wa mlizamu. Hapo boriti ziliingia ukutani, na chokaa, ingawa ni ya juzi, ilikuwa imeshapata doa la manjano kama chai iliyomwagika. Akagonga. Sauti ikafa. Akachoma kwa shazia, ikazama mpaka tundu la uzi. Akaichokonoa, kukatoka vipande vyeusi vyenye pembe, vyepesi, kama makaa yaliyozimwa kwa maji, na baina yake nyuzi nyeupe za kuvu. Boriti iliyofuata, vile vile. Na ya tatu. Dumuzi wamekula katikati, kuvu imekula ncha. Hakukuwa na kitu kinachoishika ile sakafu upande huo ila mazoea.

"Nani kamleta huyu nyumbani mwangu?"

Bi. Thureya alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alisimama mlangoni na bakora yake.

"Mimi, mama," akasema Zubeida. Akatoka pale ukutani, akasimama karibu na Hind.

"Wewe! Harusi ya mtoto, nawe waleta mchawi amloge ndani?"

"Bibi," akasema Mona, "tazama juu."

Bi. Thureya hakutazama. Hind akashuka sandukuni, akamnyoshea shazia. "Choma mwenyewe, mama. Si kwa mkono wangu. Kwa wako."

Wazee wana kiburi, na kiburi ndicho kilichomwingiza. Alivuka kaniki akaikanyaga, akapanda sandukuni akiegemea bakora, akainua mkono mpaka boriti iliyo karibu na pembe, akachoma kwa hasira kama amchomaye mtu. Shazia ikaingia yote na vidole vyake vikafuata, vikazama ndani ya mti. Akavitoa. Vilikuwa na maji meusi, na juu ya mtandio wake unga ulikuwa umeshuka.

Kwa mara ya kwanza ilibidi atazame. Aliyaona yale matundu, na Hind akangoja. Alikuwa amengoja tangu Mona ananyonya; angeweza kungoja kidogo tena.

"Watu wasijue," akasema Bi. Thureya.

Hilo ndilo aliloliona la kusema.

"Sema mlilonifanyia," akasema Hind. "Wanawake wako pale chini. Wengine walikuwako siku ile. Inama ngazini useme: unga ulikuwa wa boriti."

"Baada ya harusi."

"Sasa, mama."

"Sasa!" Bi. Thureya akashuka sandukuni, akamsogelea, akashusha sauti. "Wako dada zake bwana harusi hapo chini, wanachagua mchele. Wakisikia leo kwamba nyumba imeoza juu ya kichwa cha bibi harusi, watasema nini? Nuksi. Watabeba nyungo zao, na huyu atabaki na liwa yake. Haya, piga kelele. Una haki. Piga."

Na alikuwa anasema kweli, yule kikongwe. Ndiyo iliyokuwa mbaya. Kutoka chini vicheko vilipanda, na sauti ya mchele ukipepetwa. Neno moja la Hind kutoka pale ngazini lingemwosha mbele ya mji mzima. Akamtazama Mona. Mona alikuwa amekaa kizingitini, vidole vyake bado vina unga. Hakusema piga wala usipige. Lakini Hind aliona shingo yake, mshipa ukipiga kama wa kifaranga.

"Msicheze juu," akasema Hind. "Vugo ipigwe kichochoroni, mzungushe matanga ya jahazi watu wasione. Semeni wazee hawawezi kupanda ngazi. Mwiteni Nicodemus wa Kisauni, mumwambie nimemtuma mimi. Yeye ana boriti kavu na mdomo uliofungwa. Na mtoto alale chumba cha chini mpaka amalize."

Akakunja kaniki na unga wake ndani. Alipopita kizingitini Mona akamshika mkono, akaubusu, akamwachia liwa kwenye vidole. Hind akashuka, akarudi kwenye ungo, akamaliza sehemu yake ya mchele.

Nicodemus, seremala Mkristo wa ng'ambo ya Kisauni, alikuja na watu wake kwa kisingizio cha kuzibua mlizamu. Alipoitoa boriti ya kwanza ilikatikia mikononi mwake kama mkate uliochacha. Baadaye alipita Majengo kumweleza, akitikisa kichwa.

"Bi. Hind, nimefanya kazi nyumba nyingi. Ile sakafu ilikuwa imeshikwa na chokaa na dua."

"Na Bwana Abdulkadir alikuwako?"

"Alisimama juu ya vipande. Nilimwambia, bwana, huyu ni dumuzi wa siku nyingi, aliingia na mti ulipoingia. Akaniuliza, tangu chumba kilipojengwa? Nikamwambia ndiyo, tangu kilipojengwa. Basi akaenda zake dukani."

Vugo ilipigwa kichochoroni, pembe zikagongwa, wanawake wakaimba mpaka mate yakawakauka, na hakuna mtu aliyeumia hata kidole. Watu walimsifu Bi. Thureya kwa kuwajali wazee. Hind alikaa miongoni mwa wachagua mchele, si mahali pa mama. Alipiga vigelegele kama wengine.

Fungate ilipokwisha, bibi harusi alipaswa kwenda kwanza kumwamkia bibi yake. Mona alikwenda kwanza Majengo. Alikuja na mumewe, ambaye alikaa barazani akijifanya anatazama kuku, na Zubeida akamfuata nyuma amebeba kapu la vyakula. Mona akaingia, hakujua akae wapi, akabaki amesimama karibu na nguzo ya katikati.

"Hii nzima?" akauliza, akiigusa nguzo.

"Iulize."

Akagonga kwa ukucha. Hind akabandika sikio upande mmoja, Mona akabandika upande wa pili, nguzo katikati yao, na nyuso zao zikawa karibu kiasi cha pumzi kugusana. Wakagonga tena. Wakakaa hivyo hata baada ya nguzo kujibu.

"Nzima," akasema Mona.

"Nzima, mamangu."

Zubeida ameshalilipa deni lake, kadiri awezavyo. Amekwenda nyumba kwa nyumba Kibokoni na Kuze akisema kwa mdomo wake kwamba aliufagia ule unga miaka yote na kwamba Hind hakuutia. Wengine wamemsikiliza, wengine wamesema mke mwenza akizeeka huingiwa na wazimu. Bi. Thureya alikufa mwaka uliofuata. Alisema baada ya harusi, na harusi ikapita, na Idi ikapita, asiseme. Mungu na amrehemu, Hind hajamrehemu.

Abdulkadir yu hai. Hupita katika kigari chake Ndia Kuu, akimwona Hind hutazama upande wa pili. Kila Ramadhani humletea Hind tende na mchele kwa mkono wa mtu, na kila Ramadhani Hind huvirudisha. Hamdai tende. Hamdai mahari wala nyumba. Anamdai apande ile ngazi, awaite wanawake waliobaki hai katika wale waliojaa siku ile, asimame mlangoni alipotoa talaka, aseme kwa mdomo ule ule: unga ulikuwa wa boriti nilizonunua mimi, na mke niliyemwacha hakuwa na kosa. Ni maneno mepesi kuliko yale aliyotumia kumfukuza. Bado hajayasema.